Mto Chini ya Goti

Katika desturi yetu mgonjwa hulala. Hutandikiwa shuka safi, huletewa uji kitandani, na kila anayeingia humsihi asijisumbue. Akitaka maji yupo wa kumpa. Akitaka kugeuka yupo wa kumgeuza. Mgonjwa anayejikongoja peke yake hadi uani huwaumbua waliomzunguka, maana jirani akimwona atasema hana watu. Siibezi desturi hii. Homa za utotoni, vifua vya wazee, arobaini za wazazi, yote hayo yamevukwa kwa kulazwa na kuhudumiwa, na mimi nimekulia mikononi mwa watu waliojua kuuguza. Ila lipo jambo moja ambalo desturi hiyo haikulitarajia, nalo ni goti la kubadilishwa.

Langu la kulia lilikuwa limesagika. Ndivyo tunavyosema mtaani, na ndivyo alivyosema daktari alipoiweka eksirei kwenye taa: mfupa wa paja umekalia muundi, gegedu hakuna. Mwalimu wa shule ya msingi husimama kutwa, nami nilisimama hadi nilipostaafu. Miaka ya mwisho nilikuwa nikipanda daladala kwa mguu mmoja, wa pili nikiuvuta kwa kushika suruali. Makonda wa njia yetu walishanizoea, hawakunihimiza. Zamani tiba ya goti la namna hiyo ilikuwa rufaa ya India, na wengi wa rika langu wanamfahamu mtu aliyekwenda akarudi na goti jipya na hadithi za ndege. Siku hizi kazi hiyo hufanyika hapahapa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hubadilisha magoti na nyonga, na hospitali nyingine zimefuata. Kwangu halikuwa tena suala la kusafiri, lilikuwa suala la kujipa moyo.

Sikupewa nusukaputi. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho nyuma ya pazia la kijani, nikisikia msumeno, kisha nyundo, kisha daktari akiomba saizi nyingine kwa kuwa ile ya kwanza haikumridhisha. Ncha ya mfupa wa paja ilivishwa kofia ya mchanganyiko wa kobalti na kromi. Juu ya muundi ikakaa sahani ya titani, na katikati kipande cha plastiki ngumu, polithini iliyotengenezwa kwa ajili ya msuguano wa miaka mingi. Vyote vikabandikwa kwa saruji ya mifupa, ambayo ni ya ukoo mmoja na ile plastiki angavu inayowekwa madirishani badala ya kioo. Saruji hiyo hukauka kwa dakika 10 hadi 15.

“Chuma kilishashika kabla hatujakushona,” daktari aliniambia jioni. “Kilichobaki ni nyama.”

Kesho yake asubuhi wakanisimamisha.

Katika wiki zilizofuata niliirudia mara nyingi sentensi ile ya daktari. Mtu hudhani ameumia kwa sababu ya chuma, na kwamba anasubiri chuma kizoeane na mwili. Sivyo. Chuma kimemaliza kazi yake mezani. Kinachouma na kuvimba ni ngozi, kano, misuli na ule utando unaozunguka kiungo, vitu vilivyokatwa vikashonwa, navyo vina tabia moja mbaya: hupona katika mkao vinaoukuta. Goti likilazwa limekunjwa, hupona limekunjwa, na likiachwa bila kukunjwa hukakamaa hivyohivyo, limenyooka. Kovu la ndani hujengeka taratibu wiki hizo za mwanzo, na likishakomaa kulishawishi ni kazi kubwa. Wengine hurudishwa chumba cha upasuaji wakalazwa usingizi ili goti likunjwe kwa nguvu. Ndiyo maana mtu aliyetoka kukatwa mfupa anaambiwa anyooshe, akunje, anyooshe tena, huku machozi yakimtoka. Kwa macho ya mgeni ni ukatili mtupu.

Dada yangu mkubwa aliyaona hayo kwa macho ya mgeni. Alikuja kutoka Pangani siku niliporuhusiwa, akiwa na kikapu cha nazi na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Kwetu kuuguza hakuombwi ruhusa. Alimwamkua mke wangu kwa furaha, akavua viatu, akatandika mkeka chini, kando ya kitanda changu, na tangu saa hiyo chumba kikawa chake. Mke wangu, ambaye ana hekima ya miaka mingi ya kuishi na mawifi, akamwachia.

Jambo la kwanza alilofanya dada ni kuuchukua mto uliokuwa chini ya kisigino changu na kuuweka chini ya goti.

Naomba nieleze kwa nini kitendo hicho kidogo ni kikubwa. Goti lililovimba hupenda kukunjika kidogo, kwa sababu mkao huo ndio unaoupa uvimbe nafasi kubwa zaidi ndani ya kiungo. Ukiweka mto chini yake maumivu hushuka papo hapo, na uso wa mgonjwa hulegea. Anayeuguza huona uso ule akashukuru Mungu. Lakini kila saa inayopita juu ya mto ni saa ya kovu kujifunza mkunjo, na mguu usionyooka sawasawa hautembei vizuri hata ukikunjika vipi: paja hufanya kazi bila kupumzika, mwendo huchechemea, na goti la pili hubebeshwa mzigo lisiouomba. Kwa hiyo hospitali huagiza mto ukae chini ya kisigino, goti liachwe linaning’inia bila kitu chini yake, lijinyooshe kwa uzito wake. Ni mkao mchungu. Usiku ndio mchungu zaidi.

Nilipousogeza mto urudi kisiginoni, dada alidhani umeteleza, akaurudisha. Nikaeleza. Akasema, “Sawa mdogo wangu.” Nikasinzia, kuamka, mto uko chini ya goti, umekunjiwa kanga juu ili usiwe mgumu. Ungeweza kumkaripia mtu kama huyo? Mimi sikuweza. Alikuwa ameamka usiku wa manane, akasikia ninavyoguna usingizini, akafanya kile ambacho mama yetu angefanya.

Ugomvi wa pili, kama ni ugomvi, ulikuwa wa barafu. Uvimbe wa goti huagiziwa ubaridi, dakika 15 au 20 kwa mara moja, kitambaa kikiwa katikati ili ngozi isiungue. Sisi tuliomba jirani mwenye friza atugandishie maji kwenye chupa, tukazizungushia kanga. Dada alizitazama chupa zile kama mtu anayetazama nyoka akiingizwa ndani. Maisha yake yote ameambiwa, na ameona, kwamba maumivu ya viungo huletwa na baridi. Mtu mwenye baridi yabisi hukandwa kwa maji ya moto, hupakwa mafuta, hufunikwa. Na hapa kuna mtu aliyefunguliwa goti akiwekewa barafu juu ya kidonda! Hakusema kitu. Alingoja tumalize, akaja na beseni lake la maji ya moto, nami nikawa na kazi ya kumweleza kwamba kidonda chenye pini hakilowanishwi, kwamba kukanda na kusugua kunangojea ngozi ifunge. Beseni likarudi jikoni. Likaletwa tena kesho yake.

Sura ya wageni sitairefusha, kila aliyewahi kulazwa anaijua. Walikuja na pole, na dua, na noti zilizokunjwa zikasukumwa chini ya mto, “ya supu, mwalimu.” Walikuja pia na habari za watu waliokatwa miguu. Lakini lazima niseme kuhusu makongoro na bamia. Huku kwetu inaaminika kwamba bamia, kwa ule mlenda wake, huongeza ute wa magoti, na makongoro vivyo hivyo, maana mguu hutibu mguu. Basi nikanyweshwa bamia asubuhi na makongoro jioni kwa ajili ya goti ambalo sasa ni kobalti na plastiki. Nilimuuliza binti wa fiziotherapia aliyekuwa akija kunifanyisha mazoezi kama kuna faida. Akacheka, akasema ute wa kiungo hutengenezwa na utando wa kiungo chenyewe, si na mboga, ila protini ya supu kidonda kinaihitaji na bamia haina madhara, kwa hiyo ninywe. Jibu zuri. Na papai alilonilisha dada, hilo silifanyii mzaha hata kidogo. Dawa kali za maumivu hufunga choo vibaya mno, jambo ambalo hospitali walilitaja kwa sentensi moja wakaenda zao, na asubuhi ambayo papai lilifanya kazi yake ilinifurahisha kuliko siku pini zilipotolewa.

Maadam nimetaja choo, tukae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo upasuaji huu hukutana na nyumba zetu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Goti lililotoka kwenye kisu halichuchumai, na hata likipona kabisa wengi hawafiki huko. Tulimwita fundi wa mtaani. Alikuja na kiti cha plastiki chenye mikono, akachora duara kwa mkaa kwenye kalio, akatoboa kwa kisu kilichopashwa moto jikoni, akamalizia kwa msumeno wa chuma, kisha akaketi kivulini akasugua kingo kwa msasa hadi alipopitisha kiganja bila kukwaruzwa. Miguu minne ya kiti akaivisha vipande vya tyubu ya baiskeli, akavifunga kwa waya, kwa kuwa sakafu ya choo huloa na kiti kinachoteleza chini ya mtu mwenye goti bichi ni ajali. Kazi ilimchukua chini ya saa moja. Nimeona katika duka la vifaa tiba viti vya chuma vinavyofanya kazi hiyohiyo, bei yake ikanifanya nimheshimu zaidi fundi wetu.

Wakati ule nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri juu ya jinsi maisha yetu yalivyo karibu na sakafu. Mkeka, jamvi, mbuzi ya nazi, jiko la mkaa, beseni la kufulia, sinia la watu watano. Mkwe wangu wa Bukoba aliponiletea chai alipiga magoti yote mawili kuniamkia kama walivyomlea kwao, akainuka na trei bila kushika kitu, na mimi nikabaki nikiyatazama magoti yake kwa wivu usiofaa kusemwa. Kutembea barabarani kunahitaji goti likunjike digrii 65 au 70 hivi. Kupanda ngazi kunataka kama 90. Kuinuka kitini, 100 na zaidi kidogo. Kuchuchumaa na kukalia visigino hupita 130. Hospitali hufurahi ukifika 90 katika wiki ya 2 na 110 ikikaribia wiki ya 6. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kufaulu mtihani wote wa hospitali akatembea, akapanda ngazi, akakaa ofisini, na bado asiweze kula na wenzake jamvini.

Haya hayakutokea kwa bahati. Mjerumani mmoja, Themistocles Gluck, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuweka goti la bandia, Berlin mwaka 1890, na alilitengeneza kwa pembe ya ndovu. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na maambukizi yaliharibu kazi ile. Miaka hiyohiyo pembe zilikuwa zikiteremshwa kutoka bara hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mzigo wa karibu kilo 30 kwa mtu, mwendo wa miezi, kisha zikavushwa Unguja kwenda sokoni. Nilipolisoma hilo la Gluck nikiwa kitandani sikufikiria kabisa maabara ya Berlin. Nilifikiria magoti ya wapagazi. Goti la kisasa, hili la chuma na plastiki, lilipata umbo lake New York katika miaka ya 1970, mikononi mwa John Insall na wenzake, mahali ambapo mtu huamka kitandani akakaa kitini na kutoka kitini akaingia garini. Baadaye watengenezaji walitoa aina zinazokunjika zaidi, wakiwalenga watu wa Asia na nchi za Kiarabu wanaokaa chini. Hata hivyo kinachoamua zaidi ni goti lilivyokuwa likikunjika kabla ya kisu. Sisi tunaokwenda tukiwa tumechelewa, goti likiwa limekakamaa miaka, tunakwenda kuchukua kilichobaki.

Swala iliniondokea kwenye mkeka ikahamia kwenye kiti. Kisheria hakuna tatizo: Imran bin Huswain aliyekuwa na bawasiri aliambiwa na Mtume aswali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa. Nililifundisha hilo mwenyewe madrasa nilipokuwa kijana, kwa sauti ya mtu ambaye halimhusu. Sasa nakumbuka viti vya plastiki vilivyopangwa pembeni mwa safu msikitini kwetu, jinsi vilivyoongezeka mwaka hadi mwaka, na jinsi nilivyokuwa nikipita mbele yake bila kumtazama aliyekaa. Kusujudu kwa kuinamisha kichwa tu kuna upungufu ambao hukumu ya fikihi haiuondoi. Paji la uso linajua kwamba halijagusa kitu.

Lakini lililonishangaza kuliko maumivu lilikuwa paja. Siku za mwanzo unauamuru mguu unyanyuke kutoka kitandani na haunyanyuki. Hauumi zaidi, haukushikwa na kitu, unakataa tu. Nililikazia macho paja langu nikaliagiza, nikaliagiza tena, likabaki limelala. Binti wa fiziotherapia alieleza kwamba kiungo kikivimba mishipa ya fahamu huuzima msuli wa mbele wa paja, mwili ukidhani unajilinda, na kwamba kazi yetu ni kuuamsha upya: kukaza bila kunyanyua, kushikilia, kulegeza. Kinyume chake, upande wa nje wa kovu pana eneo lisilohisi chochote, kwa kuwa mshipa mdogo wa fahamu hukatwa njiani. Ukipapasa hapo, vidole vinahisi ngozi lakini ngozi haihisi vidole. Na ndani, ukigeuka vibaya, goti hulia tak, chuma juu ya plastiki. Mke wangu alilisikia siku moja tukiwa tumenyamaza, akanitazama, tukacheka hadi nikaomba anionee huruma.

Usiku hakuna kicheko. Mchana una wageni na mazoezi; usiku una goti peke yake, lenye joto, limejaa. Nililala chali kwa sababu mikao mingine ilikataa, nikasikiliza mbwa, bodaboda za mwisho, muadhini, na pumzi za dada mkekani. Mtu akiniuliza niseme ukweli juu ya wiki hizo nitasema habari ya usiku kwanza. Walioniambia “baada ya mwezi unacheza mpira” walikuwa wamewatembelea wagonjwa mchana. Na katikati ya usiku huo huja hofu ya damu kuganda mguuni, kwa sababu umeambiwa uitazame: kigimbi kikivimba ghafla na kuuma, au pumzi zikikatika na kifua kikichoma, usingoje kukuche, nenda. Ndiyo sababu ya zile sindano za tumboni ambazo muuguzi wa mtaani alikuja kunichoma kila jioni. Nilikuwa nikikibonyeza kigimbi gizani. Hakikuwa na kitu. Nilikibonyeza tena.

Aliyemaliza vita vya mto ni yule binti wa fiziotherapia, umri wa kuwa mjukuu wa dada. Aliingia asubuhi moja akaukuta mto pale ulipo siku zote. Nilidhani atafoka. Akavua viatu, akaketi mkekani kwa dada.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mgonjwa wetu unamwumiza sana.”

“Ni kweli namwumiza. Naomba unisaidie. Njoo utie mkono wako hapa, chini ya goti lake.”

Akautoa mto, akanilaza mguu sawasawa kitandani. Dada akapitisha kiganja kati ya goti langu na godoro. Kikapita bila shida, hadi kwenye kifundo cha mkono.

“Hapo,” akasema yule binti. “Mimi nina kipimo changu cha plastiki, lakini mkono wako unatosha. Siku mkono huu ukikwama, mgonjwa wako amenyooka. Mto ukikaa hapa, mkono utapita hadi kiama.”

Hakutoa somo zaidi ya hilo. Tangu siku hiyo nilikuwa na adui wa pili ndani ya nyumba. Kabla ya chai dada alikuja, akapitisha mkono, akatikisa kichwa. “Bado unapita. Kaza.” Nilikaza, goti likasukuma godoro, naye akishikilia kiganja chake palepale. Mazoezi ya kuburuza kisigino kwenda matakoni na kukirudisha aliyahesabu kwa tasbihi, shanga kwa shanga, na nilipojaribu kuruka alirudisha shanga nyuma. Wageni walipoingia wakasema “mwache apumzike jamani,” yeye ndiye aliyewajibu: “Kupumzika ndiyo kutamlemaza.” Barafu akawa anaifuata mwenyewe kwa jirani. Hakuacha kuamini kwamba baridi huingia mifupani. Alisema tu kwamba mifupa yangu haipo, pana chuma, na chuma hakiugui baridi. Sikuona sababu ya kumrekebisha.

Nimefikiri sana juu ya mabadiliko yale. Yule binti hakumshinda dada kwa elimu, wala hakumwambia kwamba desturi yake ni mbaya. Alimpa kazi. Kuuguza kwetu kunahitaji mikono ishughulike. Mikono iliyokosa cha kufanya hutafuta mto. Hospitali zetu humruhusu mgonjwa wakampa karatasi yeye, na pengine mkewe akiwapo, na hawaulizi nani hasa atakayelala mkekani. Huyo wa mkekani ndiye angepaswa kufundishwa kwanza. Karatasi yangu ilikaa juu ya kabati muda wote huo, ikiwa na michoro mizuri.

Nilitoka kwenye woka nikaenda kwenye magongo, kutoka magongo nikaenda kwenye bakora, iliyoshikwa mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, jambo ambalo kila mpita njia alilisahihisha kwa kelele. Ngazi tatu za barazani nilizijua kwa kanuni niliyopewa: kupanda utangulize mguu mzima, kushuka utangulize mgonjwa. Mkono wa dada ukaanza kukwama, kwanza vidoleni, kisha kabisa.

Ni yule binti aliyeliona lingine. Nami nilikuwa nikiliona kila asubuhi bila kulitazama: dada, ili ainuke mkekani, hushika ukingo wa kitanda changu kwa mikono miwili, hunyanyua kwanza makalio, hukaa hivyo akivuta pumzi, ndipo hunyooka, na hatua zake za mwanzo mbili tatu huenda upande.

“Mama, na lako?” akamuuliza siku ya mwisho.

“Langu lina nini?”

“Nalisikia linavyolia ukiinuka.”

“Litalia tu. Wanangu mmoja yuko Dodoma, mwingine Muscat. Nikikatwa goti, nani ataniuguza?”

Nikasema mimi nipo. Wote wawili wakanigeukia na bakora yangu, dada akacheka kwanza.

“Wewe! Hata uji hujui kukoroga.”

Siku ya kuondoka, alipokuwa akifunga kikapu, alitaka kitu kimoja tu, tena kwa kuuliza pembeni, kwa mke wangu, si kwangu: kile kiti cha chooni. Mke wangu akasema changu bado nakitumia, tumwite fundi akate kingine. Fundi akaja na kisu chake. Dada alimsimamia mwanzo hadi mwisho. Alitaka tundu lisogee mbele kuliko langu, na miguu ya nyuma ifungwe tyubu mara mbili, kwa kuwa choo cha kwake kina mteremko.